Krismasi ya Maembe

Desemba ikiingia, maembe ya Msangano huanza kuozea chini ya miti. Tarafa hii ya Wilaya ya Momba iko upande wa joto wa Mkoa wa Songwe, chini ya nyanda za Mbozi kunakolimwa kahawa, na mwembe hupenda kukaa huko. Matunda huiva kwa mkupuo. Watoto hula mpaka nyuzi zikajaa menoni, mbuzi hushughulikia maganda, na yanayosalia huachiwa nzi. Wiki hizo hizo, waokaji wa Saxony, mashariki mwa Ujerumani, hukanda unga wa ngano kwa siagi nyingi, wakautia zabibu kavu na vipande vidogo vya ganda la chungwa na limau vilivyoivishwa kwa shira mpaka vikang'aa kama kioo. Huo ni mkate wa Krismasi uitwao Stollen, nao una wadogo zake wengi: biskuti za asali na tangawizi, biskuti za karafuu, biskuti zilizopambwa kwa matunda ya shira. Meza hizi mbili zisingekuwa na la kuulizana, kama si jambo moja. Wamisionari wa Kimoravian walioanzisha kituo cha Mbozi mwaka 1899 walikuwa watu wa Herrnhut, mji mdogo wa Saxony hiyo hiyo. Walileta Krismasi. Biskuti yake mbona haikuambatana nayo? Kwa nini asubuhi ya tarehe 25 Desemba, kuanzia Tunduma, mpakani na Zambia, hadi Msangano, kinachowekwa kando ya kikombe cha chai ni andazi?

Majibu ya haraka yapo mawili, na yote mawili hayanitoshi. La kwanza ni umaskini: matunda ya shira ni ghali, basi. La pili ni kwamba kila watu wana ladha yao. Hoja yangu ni nyingine. Tunda la shira ni jawabu la majira ya baridi, lilikumbatiwa na watu ambao sikukuu yao kubwa huangukia wakati miti haina kitu na ghala limejaa. Krismasi ilipofika Songwe iliukuta mwaka umepinduka: mitini kumejaa, ghalani kunapungua, na mwenye mikono ya kupika yuko shambani na jembe. Nafasi ile ya chakula kitamu cha sikukuu ikabaki wazi, ikajazwa na kitu kilichotoka dukani, kilichokubali kupikwa kwa karai juu ya mafiga matatu, na ambacho njia yake ilianzia Pwani.

Tuanze na tunda lenyewe, maana wengi hulichukulia kuwa pambo tu. Ganda la limau nene hulowekwa siku kadhaa katika maji ya chumvi, kisha huchemshwa likalainika, kisha hutumbukizwa katika shira nyepesi. Kesho yake shira ile humwagwa chunguni, huongezwa sukari, hupikwa tena, na ganda hurudishwa ndani. Kazi hiyo hurudiwa siku baada ya siku, shira ikizidi kuwa nzito, hadi sukari imeshika mahali pa maji ndani ya ganda, na hapo kuvu haipati pa kuota. Kwa maneno mengine, ni kazi ile ile wanayoifanya wavuvi wa Ziwa Rukwa wanapomkausha samaki juani au kumbanika kwa moshi: kuyaondoa maji, adui anayeozesha. Waarabu na Waajemi waliifahamu sanaa hii kabla ya Wazungu, na pamoja na muwa ikavuka hadi Sicily na Hispania, kisha ikapanda kaskazini ambako theluji huanguka na mti wa mlimau hauishi. Stollen ya Dresden inatajwa katika maandishi ya mwaka 1474. Wakati huo ilikuwa mkate mkavu usio na raha yoyote, kwa sababu wiki za kungojea Krismasi zilikuwa za mfungo na Kanisa lilikataza siagi. Ikawa hivyo mpaka mwaka 1491 Papa Innocent VIII alipotoa barua ya kuwaruhusu Wasaksoni watumie siagi badala ya mafuta. Angalia mpangilio wa mwaka wao. Mavuno yameingia tangu Agosti na Septemba, nguruwe amechinjwa, ardhi imeganda hailimiki, na watu wamo ndani karibu na tanuri ambalo lazima liwake tu, kwani bila hilo watakufa kwa baridi. Kuoka biskuti katika hali hiyo ni kuutumia moto ambao tayari umekwisha kulipiwa.

Sasa geuza kalenda. Katika Songwe mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Desemba ni mwezi wa kupanda mahindi, wa kuandaa majaruba ya mpunga, wa palizi ya kwanza. Nafaka iliyovunwa kati ya Mei na Julai imeliwa nusu, na mama mwenye hesabu anajua kwamba Februari ndiyo itakayomtia aibu. Kinachojaa ni maembe na mboga za majani, na hapo ndipo penye fundo: kitu kilichojaa hakiwezi kuwa cha sikukuu. Kila mahali chakula cha sikukuu ni kile ambacho siku nyingine huadimika. Embe linalookotwa njiani haliwezi kumheshimisha mgeni hata lingekuwa tamu kiasi gani. Na kulikausha au kulipika kwa shira ili liliwe Desemba ni kichekesho, kwa sababu Desemba lipo bichi. Utamu wenyewe haukuwa mgeni kwa Wanyamwanga, wenyeji wa huku, na jirani zao. Ulezi, uliokuwa nafaka kubwa ya nyanda hizi kabla mahindi hayajatawala, ukiloweshwa na kuachwa uchipue huwa kimea, na kimea huigeuza wanga kuwa sukari. Togwa ni tamu bila kijiko kimoja cha sukari ya duka. Asali ilitoka misituni. Lakini vitu hivyo vilikuwa na majira yake, baada ya mavuno, wakati pombe ya ulezi ilipopikwa na watu wakawa na nafasi ya kukaa. Krismasi haikuangukia hapo.

Msomaji anaweza kusema: hayo ya hali ya hewa ni mazuri, ila imani huja na jiko lake. Bila shaka huweza. Wamoravian hao hao walianzisha mji wa Salem, katika Carolina Kaskazini ya Marekani, mwaka 1766. Duka la mikate lililojengwa huko mwaka 1800 lingali likioka, na biskuti zao nyembamba za viungo zimekuwa sifa ya mji, kiasi kwamba Wamarekani wengi hulijua jina la Moravian kwa biskuti kabla ya kulijua kwa kanisa. Mfano huu nauona unanisaidia kuliko kunipinga. Salem ilihamiwa na jumuiya nzima, yenye waokaji, maseremala na wafinyanzi, katika nchi yenye ngano na yenye baridi ya Desemba. Mbozi walikuja wamisionari wachache na wake zao, Traugott Bachmann akiwa miongoni mwao, na kazi iliyomwachia jina ni ya lugha ya Kinyiha, wala si ya mapishi. Tena kanisa hilo lina desturi ambayo ingeweza kuwa mlango wa biskuti: karamu ya upendo, iliyoanza Herrnhut mwaka 1727, ambapo waumini hula na kunywa pamoja kanisani huku wakiimba. Karamu hiyo haina sharti la mkate fulani. Hupokea chochote cha ngano kilicho karibu. Mlango ulikuwa wazi, akaingia aliyekuwa jirani.

Upo ushahidi wenye nguvu zaidi, nao tumepewa na wakoloni bila wao kukusudia. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 ulipitisha mpaka kando ya njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, iliyounganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wanyamwanga wakajikuta wako nchi mbili. Upande unaoitwa leo Nakonde, Zambia, ulipata kituo cha Mwenzo, cha Waskoti wa misheni ya Livingstonia, katika miaka ya 1890. Hao walitoka nchi ambayo Bunge lake liliifuta Krismasi mwaka 1640, na ambayo siku hiyo haikuwa ya mapumziko ya taifa hadi mwaka 1958. Mskoti wa zamani aliyetaka keki nzito ya matunda makavu aliila Mwaka Mpya. Kwa hiyo watu wa ukoo mmoja, wenye lugha moja, walihubiriwa na watu wawili tofauti kabisa katika jambo la Krismasi: Mjerumani aliyeipenda kupita kiasi na Mskoti aliyeitilia shaka. Na mwaka 1916 Vita Kuu ya Kwanza vilipowaondoa Wajerumani, Livingstonia ikaja kuvisimamia vituo vyao kwa miaka kadhaa. Kama jiko la mmisionari ndilo lililoamua, tungetarajia meza mbili, moja kila upande wa mpaka. Hatuzioni. Pande zote mbili zinakaanga donge la ngano katika mafuta.

Sikiliza na majina. Upande wa Zambia donge hilo huitwa vitumbuwa. Ukishuka Malawi ni mandasi. Hakuna haja ya kuwa mtaalamu wa lugha kukitambua Kiswahili ndani yake. Kitumbua cha Pwani ni cha unga wa mchele, hupikwa katika chuma chenye vishimo. Zambia jina lilifika, mchele na chuma vikabaki njiani, likavishwa donge la ngano linalochotwa kwa vidole na kudondoshwa katika mafuta. Andazi ni neno lililotokana na kitenzi kuandaa, yaani kitu kilichotengwa kwa ajili ya mlaji. Chakula kinaweza kubuniwa mahali pawili bila watu kuonana; jina halifanyi hivyo. Lilibebwa na watu waliotembea: wapagazi na wafanyabiashara wa misafara, askari, wapishi wa mabwana shauri, makuli, na baadaye madereva na mafundi wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia na wa reli ya TAZARA iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Tunduma palikuwa pa kupita tu, pakawa pa kulala kwa sababu ya foleni ya malori, na dereva aliyelala njiani anataka kitu cha kutafuna alfajiri. Kutoka hapo unga, sukari na hamira hushuka bondeni kupitia Chitete hadi Msangano, zamani juu ya lori la mizigo, siku hizi hata juu ya bodaboda. Pakiti ya hamira haina uzito.

Hapa nakubali pingamizi moja kubwa. Si kweli kwamba bila tanuri hakuna kuoka. Wanawake wa Pwani huoka mkate wa kumimina kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na wasichana wengi wa bara walifundishwa shuleni keki ya sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga. Njia ipo. Lakini itazame kwa karibu, uilinganishe na ya karai. Keki ya mchanga hutaka makaa, mayai, siagi ya kopo, na mtu wa kuilinda saa nzima; mwisho inatoka moja, na watoto wa ndugu ni kumi na wanne. Andazi hukandwa jioni ya mkesha: unga, sukari, chumvi kidogo, hamira, maji ya uvuguvugu, na iliki iliyotwangwa ikiwa ipo. Donge hufunikwa kwa kanga, likaachwa liumuke wakati watu wamekwenda kwenye ibada ya usiku. Kabla ya jua, husukumwa juu ya meza kwa chupa, hukatwa pembe tatu, kipande kidogo hutoswa kwenye mafuta ili kupima moto. Kikizama kikakaa, mafuta bado. Kikiibuka na mapovu, tayari. Kuni ni zile zile za kupikia ugali. Baada ya saa moja beseni limejaa, linafunikwa kitambaa, na mtoto anatumwa na sahani kwa majirani, wakiwemo Waislamu ambao nao wakati wa Idi walileta za kwao. Chakula cha sikukuu kinachogawika hushinda chakula kinachokatwa, na hili, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko ladha.

Turudi kwenye umaskini, kwa kuwa watu hawauachi. Matunda ya shira yalikuwa ghali kwa mkulima wa Saxony pia. Aliyanunua kidogo, mara moja kwa mwaka, kutoka kwa wachuuzi walioyaleta kutoka Italia. Karafuu za biskuti zake zilivuka bahari, na katika karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizoongoza duniani kwa zao hilo, nayo makampuni ya Hamburg kama O'Swald na Hansing yalikuwa na maghala mjini Unguja. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba harufu ya Krismasi ya Herrnhut ilitokea huku kwetu. Ughali haukuwazuia, ndio uliokifanya kitu kuwa cha sikukuu. Na kwetu jambo hilo lilijaribiwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, baada ya Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, sukari, unga wa ngano, sabuni na mafuta ya kupikia vilitoweka madukani. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yamekwisha kubanwa na Operesheni Maduka ya 1976, bidhaa zikawa za mgao, na mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Mpaka wa Tunduma ulikuwa na faida yake nyakati hizo, maana Nakonde iko ng'ambo ya barabara. Kama haja ya watu ingekuwa utamu tu, hiyo ndiyo miaka ambayo asali, maembe na kimea vingeirudia Krismasi. Watu walichofanya ni kuihifadhi nusu kilo ya sukari tangu Oktoba, wakaificha watoto wasiione. Mwaka 1984 serikali ilipoanza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na ruksa ya biashara ya Rais Mwinyi ikafuata, unga ukarudi, na andazi likarudi pale pale lilipokuwa.

Atakayetaka kunikamata atanikamata kwa ubuyu. Kama nchi yenye matunda haina haja ya kuyapika kwa sukari, mbona Zanzibar hupika mbegu za mbuyu kwa shira, iliki, pilipili na rangi nyekundu, zikauzwa hadi stendi ya Tunduma? Ubuyu hasa ndio jamaa wa karibu kabisa wa ganda la limau la Wajerumani: tunda, shira, ukoko wa sukari. Lakini tunda la mbuyu hukauka lenyewe mtini. Shira haikutiwa ili kulizuia lisioze, ilitiwa ili kulipa ladha. Na Pwani shira ina kazi nyingi kuliko hiyo. Visheti na kaimati, vinavyopikwa Ramadhani na Idi, huviringishwa ndani yake. Vileja vya unga wa mchele na samli ni biskuti kamili za sikukuu, na ukimpa Mjerumani atauliza tu zabibu ziko wapi. Yaani ujuzi wa sukari na ujuzi wa biskuti vyote vilikuwapo Afrika Mashariki kabla ya misheni ya kwanza kufika nyanda za kusini. Tena Idi huizunguka kalenda, hivyo haikuweza kufungamana na tunda la msimu wowote. Ilihitaji chakula cha ghala na duka, kinachopatikana mwezi wowote. Krismasi ya Songwe ilikuta kielelezo hicho kimekwisha kutayarishwa, ikachukua sehemu yake iliyo rahisi. Vileja vyenyewe vilikwama njiani kwa sababu ya samli na moto wa juu na chini. Andazi likapita.

Ukitaka kuona jinsi kalenda inavyotawala, utazame ufuta. Momba ni nchi ya ufuta, na kashata ya ufuta ni kitu ambacho mtoto yeyote wa Pwani anakijua: sukari huyeyushwa, ufuta uliokaangwa humwagwa ndani, hutandazwa, hukatwa kabla haujakauka. Hakuna tanuri, hakuna yai, na malighafi iko shambani. Ingeweza kuwa kitafunwa cha Krismasi cha Msangano kuliko kingine chochote. Ila ufuta huvunwa katikati ya mwaka, ukapelekwa ghalani na kupigwa mnada, na fedha yake ikalipa ada na bati. Ikifika Desemba, debe lililosalia ni la mbegu, na ni nani atakayekaanga mbegu?

Kwa hiyo anayemtafuta ndugu wa kweli wa Stollen katika bonde hili asimtafute kwenye mti wa Krismasi. Aje Julai, baridi inapouma asubuhi na makanisa yanapofanya sikukuu ya mavuno, watu wakipeleka madhabahuni mahindi, maboga, kuku aliyefungwa miguu, mpunga kwenye ndoo. Wakati huo ghala limejaa, jembe limelala, na moto unaotwa jioni hauna haja ya sababu nyingine. Juu ya mkeka nyuma ya nyumba kimea cha ulezi kimeanikwa, vichipukizi vyake vimekauka vikawa kama nywele, na mwenye nyumba anachukua punje chache, anazitafuna polepole ili kujua kama utamu umekwisha kuingia.